Betri Nne za Mama

Kiwanda cha Matofali,
Ilula,
Iringa.
19 Desemba, 1976

Kwa kaka yangu Nkuba Bujiku,
Rujewa, Mbeya.

Kaka yangu mpendwa,

Mwangaluka, kaka. Nakusalimu wewe kwanza, kisha shemeji Roza, kisha mama, na watoto kila mmoja kwa jina lake, ingawa nikiyaandika majina yote karatasi itaisha. Nauliza mama anaendeleaje na mguu, na kama sasa anafika kisimani mwenyewe. Nauliza ng'ombe, hasa yule mwekundu ambaye binamu yetu Selestini, alipokuja huku, aliniambia anachechemea. Nauliza mvua ya huko Usangu, kama mmeshapanda mpunga au bado mnatazama juu. Mimi mwili ni mzima. Kikohozi cha vumbi kimepungua tangu mvua ianze, mgongo unauma kama wa mtu yeyote anayeinama kutwa, na chakula nakula. Mengine utayakuta humu ndani.

Barua yako niliipata Jumatatu kwa mkono wa kondakta, pamoja na kile kifurushi. Niliisoma mara nne. Unajua mimi niliishia darasa la nne na kusoma kwangu ni kwa kukokota, lakini sikuirudia kwa sababu hiyo. Tangu siku ile nimeanza kukujibu mara tatu na mara tatu nimechana. Hata leo nimekaa, nimesimama, nimetoka kwenda kuangalia matofali ambayo hayana shida yoyote, nimerudi. Ni Jumapili, Ambrosi ninayekaa naye chumba kimoja amekwenda kanisani. Nisipoimaliza kabla hajarudi sitaimaliza tena.

Umeandika kwamba matanga ya baba hamtayamaliza mpaka mimi nifike, na kwamba mmeyasogeza hadi Jumamosi ya tarehe nane Januari ili ninyolewe nywele pamoja na ninyi nyote. Umeandika kwamba fimbo ya baba imechomekwa kwenye paa la chumba cha mama na hakuna aliyeruhusiwa kuishika, inaningoja. Tena umeandika kwamba ukishapanda mpunga utapanda basi uje Ilula umtazame usoni huyo Bwana Zubery aliyemnyima mtoto wa watu betri za redio mpaka baba yake akazikwa yeye hana habari. Kaka, kabla hujapanda hilo basi, soma barua hii mpaka mwisho.

Nianze na redio. Unaikumbuka, ile niliyoinunua Makambako kwa malipo yangu ya mwisho ya kazi ya reli. Wenzangu walinunua baiskeli, mimi nikanunua redio, na wewe ukaniambia nimenunua mdomo usio na miguu. Nilipokuja hapa kufyatua matofali, katika vyumba vyote vya wafanyakazi hakuna aliyekuwa na redio ila mimi. Jioni walikuwa wanajaa mlangoni. Mimi mgeni, Msukuma peke yangu kati ya Wahehe na Wabena, nikawa mtu wa kutafutwa.

Sasa, matofali mabichi adui yake ni mvua. Yakishafyatuliwa hukaa uwanjani siku nyingi yakikauka ndipo yapangwe tanuri. Mwaka jana, kabla mimi sijafika, mvua moja ya mwezi wa kumi iliyageuza maelfu ya matofali kuwa tope tena, na watu wakafyatua upya udongo uleule. Ndipo mwaka huu karani wetu, Anania, akasikia kwamba redio yangu inasoma hali ya hewa baada ya taarifa ya habari ya jioni. Akaja akaniambia kwamba kuanzia siku hiyo kazi yangu haiishii uwanjani. Nikifika chumbani nisikilize, na wakisema Iringa kuna mvua nimpe taarifa, watu wakafunike matofali kwa nyasi na maturubai kabla giza halijaingia.

Niliipenda kazi hiyo, sikufichi. Kubeba udongo hakuna anayekuuliza jambo. Lakini jioni watu walikuwa wananisubiri mimi niseme kama kesho ni mvua au jua. Wakaniita Mtabiri. Mara mbili nilisema wafunike na mara mbili mvua ikaja, na Bwana Zubery mwenyewe, mwenye kiwanda, aliposhuka kwenye pikapu yake kutoka Iringa mjini alinishika mkono mbele ya watu.

Kisha betri zikaisha. Unajua zilivyo adimu mwaka huu. Duka la hapa likizipata zinamalizika siku hiyohiyo, na bei anaitaja mwenye duka bila kukutazama. Nilizinunua mara ya kwanza kwa fedha yangu, mara ya pili kwa fedha yangu, na mara ya tatu nikasema hapana. Nikamngoja Bwana Zubery siku yake ya kuja, nikamwambia kwamba kama redio inafanya kazi ya kiwanda basi betri zinunuliwe na kiwanda.

Bwana Zubery si mtu mbaya, kaka, na hilo ulishike. Babu yake alitoka pwani akaja Iringa na mzigo wa nguo, na Kiswahili chake kinateleza mpaka akikutukana unaweza kusema asante. Hakukasirika. Aliniuliza tu, tena kwa upole, betri ikiisha yeye atajuaje kama imeliwa na mvua au imeliwa na magitaa. Watu wakacheka. Akasema redio ni yangu, masikio ni yangu, na chumba ninachosikilizia nimepewa bure; au sasa na yeye anidai kodi ya ukuta ninaouegemezea redio? Wakacheka zaidi. Nami nikamjibu kwamba kalibu za kufyatulia ni zake, majembe ni yake, hata maji ya kukandia udongo anayalipia yeye, kwa nini mvua peke yake niilipie mimi. Hapo wakagawanyika. Wengine walisema nina haki. Ambrosi alisema nidai na mafuta ya kupaka masikioni. Mama mmoja anayetupikia ugali, Tupokigwe, alisema wanaume wazima tunagombea sauti, na yeye kuni za jiko lake hajawahi kumuuliza mtu.

Basi siku nane redio ikakaa kimya. Jioni Anania akija kuuliza hali ya hewa namwambia aulize ukuta. Siku ya tisa alfajiri kikaanguka kimvua kidogo, hakikuharibu sana, safu za juu tu. Lakini Bwana Zubery alipoziona alicheka mwenyewe, akasema amekubali, kiwanda kitanunua. Ila zitakuwa betri za kiwanda. Zitakaa ofisini ndani ya kopo la kahawa. Kila jioni Anania atazileta, zitiwe redioni, isikilizwe habari na hali ya hewa, kisha azitoe azirudishe koponi.

Alidhani nitaona aibu nikatae. Nami nilishachemka. Nikasema mbele ya watu wote kwamba ni sawa kabisa, na zaidi ya hapo mimi sitaki hata dakika moja ya bure. Hali ya hewa ikishasomwa nitazima kwa mkono wangu, na mtu akinisikia nimeendelea, Bwana Zubery anikate ujira wa wiki nzima. Watu wakapiga makofi. Tupokigwe akaniambia kichwa changu kingefaa kuchomwa tanuri, kingetoa tofali zuri.

Kwa hiyo, kaka, pale nilipomwambia Selestini kwamba redio yangu haikuwa na betri kwa sababu tajiri alininyima, siku hizo nane zilikuwepo kweli. Lakini zilikuwa mwezi wa kumi, tena mwanzoni. Baba alikufa mwezi wa kumi na moja. Nilichukua kweli ya mwezi mmoja nikaipeleka mwezi mwingine.

Nakuomba uendelee kusoma. Mimi hapa nimetoka nje tena nimerudi.

Tangu mwezi wa kumi tulikaa hivyo. Jioni, jua likiwa bado lipo juu ya kilima, Anania anakuja na kopo lake. Anakaa kwenye kigoda, anatia betri moja moja, anapangusa kila moja kwa kitambaa kama mtu anayelisha mtoto. Tunasikiliza. Hali ya hewa ikiisha, nazima, naye anazitoa. Wenzangu waliacha kuja mlangoni, maana kulikuwa hakuna tena muziki wala salamu, na matangazo ya vifo yalikuwa yanakuja baada ya hali ya hewa, hatukuyafikia. Anania mwenyewe wakati mwingine aliniambia niache kidogo, kuna wimbo anaupenda. Nilikataa. Nilimwambia wimbo wake akamdai Bwana Zubery. Niliona raha kumkatalia. Mtu wa kalamu alikuwa ananiomba mimi wa jembe, na mimi namnyima kwa sheria waliyoitunga wao.

Barua yako ya Septemba nilikuwa nayo. Ulinieleza kifua cha baba, kwamba halali chali tena. Niliijua hali ile. Kila jioni nilikuwa najua kwamba nikiacha redio dakika kumi tu nitasikia kama kuna jambo la nyumbani, maana kwetu jambo kama hilo lingekuja kwa redio, barua ingechelewa. Nilijiambia kwamba baba ni mgumu, atavuka mpaka tanuri lichomwe, tulipwe, nije. Na nilijiambia kwamba nikinunua betri zangu mwenyewe za kusikilizia habari za kwetu, watu watasema Mtabiri alikuwa nazo fedha za betri siku zote.

Alhamisi ya tarehe nne Novemba Anania alikuja kama kawaida. Hali ya hewa ikasomwa, ikasemwa kwamba kutakuwa kukavu. Ukapigwa ule muziki wa taratibu unaofungua matangazo ya vifo. Mkono wangu ulikuwa umeshashika kitufe. Ndipo msomaji akasema, ndugu Nkuba Bujiku wa Rujewa, Mbeya, anasikitika kutangaza.

Nilisikia, kaka. Nilisikia jina lako lote, na la baba ndani yake, na Rujewa. Sikusikia aliyekufa ni nani kwa sababu nilizima.

Anania aliinua kichwa. Aliniuliza kama hilo si jina la kwetu, maana huwa ananiandika Shija Bujiku kwenye daftari lake kila siku. Akaniambia niwashe, tumalizie tangazo, hakuna atakayelijua. Aliponiona nimekaa tu, akasema mwenyewe atamweleza Bwana Zubery na betri nyingine atanunua yeye. Karani, kaka, ambaye siku zote nilimwita mlinzi wa kopo, ndiye aliyenibembeleza nimsikilize baba yangu. Nikamwambia makubaliano ni makubaliano. Nikamwambia akina Nkuba Bujiku kwa Wasukuma ni wengi kama nyasi, wamejaa Usangu nzima. Nikazitoa betri mwenyewe nikamtilia koponi. Akachukua kopo lake, akaondoka.

Usiniulize kwa nini, nimeshajiuliza sana na majibu hayatulii. Jibu moja ni kwamba nilitaka kushinda. Nilikuwa nimebeba udongo wa watu tangu reli mpaka matofali, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza tajiri kunikubalia jambo, nikaogopa likipata ufa hata mdogo litakuwa tope. Jibu la pili ni kwamba nisiposikia, baba hajafa. Siku nyingine naona la kwanza ndilo, siku nyingine la pili. Kuna siku naona yote mawili ni ya kujipamba, na kwamba mkono ulizima tu kwa sababu ulizoea kuzima.

Asubuhi yake nilikuwa shimoni nachimba udongo. Barabara iko karibu, nasikia kila gari. Basi la kwenda Mbeya lilisimama penye akina mama wanaouza nyanya na vitunguu, nikasikia wanagombania madirisha, nikasikia lile basi linapiga honi likiita abiria. Ningeacha jembe pale shimoni ningelipata. Ningeshuka njia panda ya Rujewa kabla ya saa nane. Ningeweza hata kumuuliza mtu yeyote wa hapo barabarani kama jana alisikia tangazo la mtu wa Rujewa. Sikuuliza. Nilichimba siku ile kuliko siku zote, mpaka Ambrosi akaniuliza nani ananikimbiza.

Selestini alipokuja baada ya mazishi ndiye aliyeniambia kwamba baba alizikwa siku hiyohiyo, saa kumi badala ya saa tisa, kwa sababu wewe ulikataa ashushwe kaburini mpaka ipite saa nzima, ukisema Shija ana redio, lazima amesikia, yuko njiani. Aliniambia hayo akiwa amekaa kwenye kile kigoda cha Anania. Akaniuliza ilikuwaje. Hapo ndipo nilipomwambia habari ya betri na tajiri. Alisikitika sana. Aliniamini kabla sijamaliza kusema.

Huku nako mambo yaliendelea bila kuniuliza. Anania hakusema neno kwa mtu yeyote, mpaka leo. Bwana Zubery aliposikia nimefiwa alikuja siku ambayo si yake, akakaa nami, akanipa ubani, fedha ya rambirambi, kama wafanyavyo watu wake, akanipa siku tatu za kupumzika na ujira wake palepale. Akasema yeye ndiye wa kulaumiwa, kwamba mambo ya kopo yalikuwa utani wa mtu mwenye shibe. Kuanzia siku hiyo betri za kiwanda zinakaa ndani ya redio usiku na mchana, tusikilize tunachotaka, na zikiisha atanunua nyingine. Nimeshinda, kaka. Wenzangu wamerudi mlangoni, magitaa yanapigwa, Ambrosi anaimba. Mimi ikifika saa ya matangazo ya vifo natoka nje kwenda kuangalia matofali.

Ningeweza kuendelea hivyo. Lakini ukaniletea kile kifurushi. Nilipofungua kile kipande cha kanga ya mama nikakuta betri nne mpya, na maneno yako kwamba mama aliuza mbuzi wake mwenyewe na akamtuma mtu mpaka soko la Mwanjelwa, Mbeya mjini, kuzitafuta, kwa kuwa hataki tena mwanawe asikie habari za nyumbani kwa hisani ya tajiri. Zimekaa kwenye rafu mbele yangu tangu Jumatatu. Ambrosi alitaka kuzigusa nikamfokea. Silali nazo vizuri. Nasogeza rafu upande huu, nasogeza upande ule, bado naziona.

Sasa umejua. Bwana Zubery hana kosa la baba, usije kumtazama usoni kwa hilo. Anayefaa kutazamwa ni mimi. Sikuja kuzika kwa kuwa sikutaka kusikia, na kisha nikawadanganya wewe, mama na Selestini, mkanisogezea matanga. Sitaki mchinje ng'ombe na kumnyoa mtu msiyemjua. Kama utaona mama asomewe barua hii, msomee. Kama utaona ataumia zaidi, basi ibaki kwako, lakini usimwache awaambie majirani habari ya tajiri aliyeninyima betri. Fimbo ya baba mpeni mnayemtaka, sitauliza.

Jambo moja tu naomba. Usinijibu kwa barua, nitaichelewesha kuifungua, najijua. Na usimtume Selestini, nitamkatiza maneno. Kama mnataka nije tarehe nane, nenda posta ukanitangaze redioni, kama ulivyomtangaza baba. Ndani ya bahasha nimeweka hawala ya kulipia tangazo, ili fedha hiyo isiwatoke ninyi. Hilo ni langu mimi kulilipa. Leo jioni nitazitoa betri za kiwanda nimrudishie Anania mkononi, na nitamwambia ninachokwambia wewe. Nitatia hizi za mama. Kuanzia leo nitasikiliza kila siku, hali ya hewa ikipita sitagusa kitufe, nitasikiliza majina yote ya watu wote mpaka msomaji anyamaze mwenyewe.

Nikisikia jina langu nitakuja na basi la asubuhi. Nisipolisikia, nitaendelea kusikiliza mpaka betri za mama ziishe.

Nisalimie shemeji Roza na umwambie nashukuru kwa karanga. Nisalimie watoto. Mwambie Selestini aniwie radhi. Mama mwambie zimefika zote nne, hakuna iliyopotea njiani. Ambrosi namsikia anarudi.

Mimi mdogo wako,
Shija Bujiku